Koreshi na Jirani wa Ukuta

Mimi ukuta sina. Nasema mapema, asije mtu akadhani nina langu jambo katika haya. Nyumba ninayokaa hapa Kuze ni ya wakfu: haiuziki, hairithiki, na paa likivuja twapeana zamu ya kunung'unika. Iko ng'ambo ya kichochoro. Dirisha langu la juu laitazama barza ya Mwalimu Esmail, na kazi yangu ni kudarizi kofia. Mdarizi mikono yake ina kazi na macho yana kazi, ila masikio hayana, basi masikio yangu yamekaa kwenye barza ile miaka mingi kuliko wengi walioikalia kwa makalio yao.

Mwalimu Esmail alifundisha historia mpaka akastaafu. Babake alikuja kutoka Kachi, ng'ambo ya bahari, lakini yeye kazaliwa hapa hapa, na Kimvita chake chawashinda wajukuu zetu. Akaa na dadake Maleka, wawili peke yao. Mwalimu alioa, mkewe akafariki, watoto hawakujaaliwa. Maleka hakuolewa. Nyumba ni ya babao, ndefu na nyembamba, ngazi zake zimesimama wima, na jiko liko juu kabisa chini ya paa kama walivyojenga wazee wetu, ambao bila shaka hawakuwa wakipika wenyewe. Chumba cha chini Mwalimu kakijaza vitabu. Maleka ni shoga yangu tangu tukiwa wadogo, na magoti yake siku hizi nayasikia yakilia hata nikiwa kwangu.

Kila siku baada ya alasiri wanaume hukusanyika pale barzani, kahawa chungu ikapita, kashata zikapita, na Mwalimu akaanza. Barza nyingine huzungumza mpira na siasa. Barza ya Mwalimu huzungumza wafalme waliokufa. Kila mwaka Idi ikishapita huanza upya hadithi moja, namna Waajemi walivyotoka kuwa watu wa mbuzi milimani wakawa na dola ambayo dunia ilikuwa haijaona mfano wake. Watu wa Kuze wameipenda kwa sababu zao. Hapa mtu akitaka kujivuna husema babu zake walitoka Shirazi, na Mwalimu aliwaambia kaburi la Mfalme Koreshi haliko mbali na Shirazi. Basi! Tangu siku ile Koreshi ni mjomba wa kila mtu. Hata Kadenge, karani wa ofisi za kaunti, Mgiriama baba na mama, siku moja alipokuwa ameshiba alisema labda na yeye anayo damu kidogo.

Sasa niieleze ada, maana bila ada hii hakuna kisa. Nyumba za Kuze zimeegemeana. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Akipigilia msumari, picha yako yaanguka. Kwa hivyo wazee waliweka kwamba mwenye nyumba akitaka kuuza, humwuliza kwanza jirani wa ukuta. Jirani akisema sitaki, ndipo auze nje. Si sheria ya serikali, wala hakuna atakayekufunga ukiivunja. Ni adabu tu, ili usiamke siku moja ukakuta umeegemeana na mtu usiyemjua. Na mlinzi wa adabu hiyo alikuwa Mwalimu Esmail. Mtu mmoja aliwahi kujaribu kuuza kimya kimya kwa mgeni, Mwalimu akampelekea wazee wa msikiti, akampelekea mashangazi zake, akakataa hata kumwitikia salamu, mpaka yule mtu akarudi na kumwuliza jirani wake kama atakiwavyo. "Sisi ni watu wa kuuliza," Mwalimu alikuwa akisema, kidole juu. "Asiyeuliza ni mvamizi."

Mwisho kabisa wa kichochoro palikuwa na kijumba cha chumba kimoja na roshani iliyopinda. Alikaa humo bibi mmoja aliyekuwa akiwafulia watu nguo, na mjukuu wake, Shukri. Mwalimu alimfundisha Shukri huyo skuli, na akisema mwenyewe kwamba hakupata mwanafunzi mwenye masikio kama yale. Bibi alipofariki, Shukri akarithi kijumba, akafungua duka la leso mlangoni. Akawa mke wa mtu, akawa si mke wa mtu, duka likabaki.

"Anshani," Mwalimu alisimulia mwaka ule, "ilikuwa nchi ndogo tu. Milima, mbuzi, na mawe. Juu yake walikuwa Wamedi, wakubwa, wenye farasi, na Koreshi wa Anshani alikuwa mtu wao wa kuwapelekea kodi. Mfalme wa Wamedi aliitwa Astiage. Wengine husema alikuwa babu yake Koreshi, mzaa mama. Astiage alipotuma jeshi kwenda kumtia adabu Koreshi, jeshi lile lilimgeuka mfalme wake mwenyewe, likamfunga, likamkabidhi. Lilikuwa limeshamchoka."

"Akamchinja?" Kadenge akauliza.

"Hakumchinja. Alimweka nyumbani kwake akamtunza mpaka akafa kifo chake. Na Wamedi hakuwafanya watumwa. Aliwaachia vyeo vyao. Kwa hivyo, ewe Kadenge, siku ya pili hakuwa na nchi moja, alikuwa na nchi mbili, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kumpiga."

Karibu na siku hizo, nyumba kubwa iliyopakana na kijumba cha Shukri ikataka kuuzwa. Ni nyumba ya watu waliokuwa wakifuliwa nguo na bibi yake. Watoto wako Ghuba, hawasemezani, kila mmoja ataka fungu lake. Mzee wao, kwa ada, akatuma mtu amwulize jirani wa ukuta. Tulicheka, wallahi. Kumwuliza Shukri wa leso! Ilikuwa kama kumkaribisha paka kwenye hesabu ya samaki, unafanya kwa heshima tu. Shukri akajibu neno moja: "Nataka." Na akanunua, kwa fedha za leso tulizodhani ni senti tu. Yule mzee Shukri alimwacha akae chumbani mwake vile vile, na kiti chake, na redio yake, akimpelekea uji asubuhi mpaka siku zake zilipokwisha, na hitma aliifanya yeye. Juu akaweka wageni wa kulala, watalii wa Kizungu wanaopenda ngazi mbovu. Ukuta wote akaupaka chokaa upya. Nani angesema nini? Tulimwombea dua.

Mwaka mwingine, Idi ikapita, Mwalimu akafika Lidia. Huko alikuwako Mfalme Kroeso, na dhahabu yake ilikuwa nyingi hata leo mtu akiwa tajiri hutajwa. Kroeso akaenda kwa waaguzi akauliza, nikivuka mto nimpige huyu Mwajemi itakuwaje? Wakamwambia, ukivuka utavunja ufalme mkubwa. Akafurahi, akavuka. Ufalme mkubwa ukavunjika, nao ulikuwa wake mwenyewe. Barza nzima hucheka hapo kila mwaka kana kwamba hawajawahi kuisikia. "Na Kroeso naye," Mwalimu alimaliza, "yasemekana hakuuawa. Koreshi alimweka karibu yake awe mshauri."

Nyumba iliyofuata kichochoroni ilikuwa ya sonara. Huyu hakupenda kuegemeana na mjukuu wa dobi. Akamshitaki kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua, akafika mahakamani, akarudi, akakata rufaa, akachoka yeye kabla ya Shukri, na mwishowe akataka kuuza ahamie Nyali. Mwalimu Esmail mwenyewe alimwendea. "Ada ni ada," akamwambia. "Mwulize jirani wako wa ukuta." Sonara akauliza huku meno yakisagana. Shukri akasema nataka. Na ndiyo, alimweka. Mpaka leo sonara huja kutoka Nyali kila Jumamosi akakaa dukani kwa Shukri, akimwambia mlango upi wa zamani ni wa msaji kweli na upi ni wa uongo. Ukimwuliza husema Shukri ni mtoto mwenye adabu.

Mnaona? Basi sisi hatukuona. Mimi niliye na masikio mawili na sindano moja sikuona. Kila alipochukua nyumba alikuwa jirani wa ukuta wa nyumba ya pili yake, ya ubavuni au ya mgongoni, na ada ikambebea swali mpaka mlangoni. Hakugonga kwa mtu. Hakumtoa mtu. Waliokuwa na vyumba walibaki navyo, wenye Maulidi yao waliendelea kuyasoma sebuleni, na wale walionyang'anywa zamani na jamaa zao Shukri aliwarudishia. Kuna mama mmoja alikuwa kafukuzwa na kaka zake kutoka nyumba ya mwanzo. Shukri alimtafuta huko Kibarani alikokuwa akipanga, akamrudishia chumba chake na ufunguo wake. Huyo mama ukimsema Shukri vibaya atakurushia kiatu.

Babeli ndiyo Mwalimu aliipenda kusimulia kuliko zote. Husimama. Ukuta wa Babeli, asema, kwa mujibu wa watu wa kale, gari la farasi wanne liliweza kugeuka juu yake. Lakini mfalme wake, Nabonido, alikuwa na mambo yake. Aliondoka mjini akaenda kukaa jangwani Tema miaka na miaka, na sikukuu ya mwaka mpya ya watu wake haikufanywa, kwa sababu bila mfalme haifanyiki. Watu wakamchoka. Koreshi alipofika, jeshi lake liliingia Babeli bila vita. "Ukuta haukuguswa!" Mwalimu hupiga kiganja chake ukutani mwake. "Waliokuwa ndani walikuwa wameshamchoka waliyekuwa naye." Kisha husimulia Koreshi alivyowarudisha mateka makwao na masanamu kwenye miji yake, na Kambisi mwanawe alivyochukua Misri, na Dario alivyopanua dola upande wa mashariki mpaka mto wa Sindi. Hapo hutabasamu, maana Sindi na Kachi ni jirani.

Ilikuwa siku ya Babeli, sijui mwaka gani wa Babeli, Kadenge alipoweka kikombe chini na kusema, "Mwalimu, mimi huyu Koreshi namjua. Auza leso pale mwisho."

Walicheka. Halafu kicheko kikapungua kimoja kimoja, kwa sababu kila mtu alikuwa ameinua macho kutazama kichochoro. Chokaa mpya upande wa kulia wa nyumba ya Mwalimu. Chokaa mpya upande wa kushoto. Katikati nyumba moja ya rangi ya moshi, na barza, na wao wamekaa juu yake. Mwalimu alitazama kulia, akatazama kushoto. "Ehee," akasema. Mimi dirishani nilijidunga sindano.

Mtu mwingine angeogopa. Mwalimu Esmail alifurahi, na hilo ndilo lililonikera. Alifurahi kama mtoto aliyepewa jukumu katika mchezo wa skuli. Kwa maana hadithi ina sehemu ya mwisho. Koreshi, baada ya kula dunia nzima, alivuka mto kuwafuata Wamasageta, watu wa nyika, ambao malkia wao Tomiri alimpelekea maneno: tawala watu wako, na uvumilie kutuona sisi tukitawala wetu. Hakuvumilia. Na kwa simulizi inayojulikana zaidi, hapo ndipo alipofia. Mwalimu akaanza kuirudia sehemu hiyo hata zamu yake haijafika. Barza ikachangamka. "Mwalimu ndiye Tomiri wetu!" walisema. Kadenge akataka kujua mbona Tomiri alikuwa mwanamke, akaambiwa anywe kahawa yake.

"Nyumba hii haitakwenda," Mwalimu akatangaza. "Madamu niko hai, kuna mtu mmoja wa kichochoro hiki atakayeulizwa akasema la."

Nilimhurumia na nikamwonea ghadhabu, vyote viwili. Kweli nyumba ile ilikuwa maisha yake. Bila barza ile angekuwa mzee mwenye vitabu tu. Na kukaa chumbani kwa hisani ya mwanafunzi wake, akiletewa uji kama yule mzee wa kwanza, kungemuua. Hilo nililijua. Lakini alipokuwa akitangaza, Maleka alikuwa akipanda ngazi na ndoo ya maji, nikamwona kwenye kidirisha cha kila ghorofa akipumzika, mkono ukutani.

Kilichofuata ni ufa. Ukuta wa kushoto, mmoja wa kuta zake mbili za pamoja na Shukri, ulivimba tumbo baada ya mvua za masika, na ufa ukashuka kutoka paani mpaka kwenye chumba cha vitabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa pamoja huzibwa pamoja. Pensheni ya mwalimu haizibi ukuta. Shukri hakupeleka fundi, hakupeleka barua. Alimtuma ami yake, mzee mwenye sauti ya kuadhinia, aje aseme hivi: kwa ada, mwenye kuuza ndiye humwuliza jirani. Sisi twaomba ruhusa tuje kuuliza, ingawa hatukuulizwa. Tuje au tusije?

"Njooni!" Mwalimu akasema kwa sauti ya kichochoro kizima. "Njooni Ijumaa baada ya swala. Watu wa kuuliza hawafungiwi mlango." Kisha akageuka akawaambia watu wa barza wasikose kukaa pale chini, jibu watalisikia kupitia dirishani.

Ijumaa nilikwenda kumsaidia Maleka. Alikuwa amekaanga sambusa tangu alfajiri, uso umemvimba kwa moto na ngazi. Nikamwambia, "Shoga, kumbe kukataa watu nako kwataka sambusa?" Hakucheka. Alisema tu, "Mwanakhamis, niletee lile sinia." Nikadhani ni uchovu.

Wanaume walikaa sebuleni, Mwalimu, ami yake Shukri na wazee wengine wachache. Sisi wanawake tulikaa chumba cha ndani, pazia likiwa katikati, na Shukri naye alikaa nasi kwa sababu pahala pake ni ndani na mwenye kumsemea ni ami yake. Alikuwa na buibui la kawaida, mikono mapajani. Alimshika mkono Maleka akamwambia, "Shikamoo, Bi Maleka," na Maleka akaitikia marahaba, na mkono hakuuachia. Hilo niliona, nikashangaa kidogo. Mimi sikujua kama hawa wanashikana mikono.

Ami akasema maneno yake, mazuri, mafupi. Ukuta umeugua. Kuna njia ya kuuziba pamoja, kuna njia ya Shukri kuuziba peke yake asidai chochote, na ikiwa Mwalimu kachoka na nyumba, basi jirani wa ukuta yupo na yuwaomba. Lolote Mwalimu alisemalo ndilo.

Nikiwa mimi, ningechukua ile njia ya pili, nikasema ahsante, nikala sambusa. Lakini Mwalimu alikuwa amesubiri siku hii. Alisimama. Alianza na Anshani. Wallahi alianza na Anshani, kwenye shughuli ya ukuta! Akapita kwa Wamedi, akapita Lidia, na wale wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Alipofika kwa Tomiri sauti ilimpanda, na chini barzani nikamsikia Kadenge akisema "Haya sasa!" Kupitia upenyo wa pazia nilimwona Mwalimu uso umemng'aa.

"Lakini," akasema, na kidole kikaenda juu, "nyumba hii si yangu peke yangu. Nina dadangu, fungu lake limo. Na sisi ni watu wa kuuliza. Sitasema la kabla ya kumwuliza." Akageukia pazia. "Maleka dadangu. Watu wa ukuta wamekuja. Wasemaje?"

Maleka alikuwa kimya.

Mwalimu akawageukia wageni akitabasamu. Mnajua, bwana harusi akija kuposa na mwari akaulizwa, kimya chake ndiyo idhini yake. "Basi mmesikia," Mwalimu akasema. "Kanyamaza. Yu pamoja nami."

"Sijanyamaza," Maleka akasema. "Nafikiri namna ya kulisema."

Sebuleni mtu aliweka kikombe. Nilimtazama Maleka, na sikumtambua vizuri. Alikuwa ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Uza, Bhai," akasema. Ndivyo wanavyoitana ndugu kwao.

"Wasema?"

"Nasema uza."

"Nani kakutia maneno haya?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa ndogo ghafla.

"Hakunitia mtu maneno. Shukri alikuja jikoni kabla ya Ramadhani. Alipanda ngazi zote, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akaniuliza nataka nini."

"Ukamwambia wataka kuuza nyumba ya baba?"

"Sikumwambia kitu. Nililia. Akangoja mpaka nikamaliza, akashuka akaenda zake. Sikuwa na jibu, Bhai, kwa sababu sijawahi kuulizwa. Nimelitafuta tangu siku hiyo, ndilo hili."

Shukri alikuwa ametazama mikono yake. Akamnong'oneza, "Bi Maleka, si lazima iwe leo," na Maleka akampigapiga kiganja kama anayemtuliza mtoto, akaendelea.

"Umewauliza watu wote wa kichochoro hiki juu ya kuta zao. Ulimgombeza sonara. Walipokuja wale watu wa Lamu kuniposa, uliwajibu pale pale barzani, wakaenda. Mimi nilikuja kusikia baadaye uwani kwa Mwanakhamis, nikiwa naanika nguo zako. Baba alipofariki ukaweka vitabu chini na jiko likabaki juu. Sikusema kitu. Wewe hukuwa mbaya kwangu hata siku moja. Hukuniuliza tu."

Nilikumbuka ile siku ya nguo. Alikuwa ameshika shuka upande huu nami upande ule, nikamwambia nilichosikia barzani juu ya posa, kama nimwambiaye habari za soko, na yeye akakunja shuka mpaka mwisho.

"Nimekusikiliza kila mwaka," Maleka akasema. "Jiko liko juu ya barza, sauti yapanda. Wewe wajiona yule malkia wa nyikani. Si wewe, Bhai. Wewe ni yule wa Babeli aliyekwenda kukaa Tema. Na mimi ndiye niliyekuwa ndani."

Mwalimu Esmail alikaa. Sikuona alipokaa, nilisikia kiti. Sasa fungu lake yeye, kwa mirathi yetu, ni mara mbili ya la dadake, na hakuna kadhi wala hakimu angemlazimisha. Wale wazee walijua, ami alijua, Shukri alijua. Angeweza kusema, mwanamke kachoka, mumsamehe, jibu ni la. Barza yote ingepiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, kwa dakika ile nilitaka aseme hivyo, maana nilimwona mzee wa watu anavyovua miwani na kuishika bila kuifuta.

Badala yake aliuliza, akilielekea pazia, polepole, kama mtu anayejaribu kutembea baada ya kuugua: "Maleka. Wataka kukaa wapi?"

"Chini," Maleka akasema. "Popote penye mlango wa chini."

"Na vitabu?"

"Vitabu ndivyo vitakavyopanda ngazi."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani yake, akawageukia wageni, akawaambia kwamba nyumba ni ya watu wawili na wote wawili wameulizwa, na kwamba jirani wa ukuta apewe. Ami akasoma Fatiha. Mikono ikapita usoni. Mimi nikapitisha sambusa kwa sababu kulikuwa na sambusa, na Shukri, ambaye sasa kichochoro kizima ni chake kasoro wakfu wetu, alichukua moja akaishika tu. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikujua nimfikirieje, na mpaka leo sijui.

Nilishuka nyuma ya Mwalimu, yeye akitangulia ngazi kwa ngazi, mkono ukutani mahali pale pale anapoweka Maleka. Nje jua lilikuwa kali na barza imejaa. Walikuwa wamesikia Anshani na Tomiri, lakini sauti ya mwanamke nyuma ya pazia haifiki chini, na Mwalimu baada yake hakuipaza tena yake. Kadenge akasimama kumpisha akae.

"Eh, Mwalimu! Koreshi kafia mtoni?"

"Tumeuza," Mwalimu akasema.

"Mmeuza nini?"

"Nyumba."

Kadenge alitazama wenziwe, akamtazama tena. "Mwalimu, si ulisema madamu u hai? Ilikuwaje?"

Mwalimu Esmail aliangalia barza, akachagua pahala pa pembeni, akakaa.

"Nilimwuliza dadangu," akasema. "Akajibu."